Kitunguu Saumu cha Mke, Hela ya Nani?

Mwezi huu nawaandikia kutoka Babati, nyumbani kwa wifi yangu, na mada ni kitunguu saumu. Msicheke! Kinahusiana na ndoa, na wala sizungumzii harufu ya mdomo.

Saumu inapenda ubaridi ikiwa changa na ukavu inapokomaa, ndiyo maana huku wengi huipanda masika yanapoelekea ukingoni. Miinuko ya Mbulu ndiyo kwao hasa, ila wifi naye ana matuta yake mawili nyuma ya nyumba. Anachambua kitunguu punje moja moja bila kumenya, anachagua zilizonona, anafukia sentimita 3 hadi 5, ncha ikitazama juu, kati ya punje na punje sentimita 10 hivi. Zile kimbaumbau zinakwenda jikoni. Samadi iwe imeoza kweli, maji yasituame. Kazi ni palizi, jamani, maana majani yake membamba hayawezi kuyafunika magugu.

Ni miezi minne na zaidi ya kuinama, na anayeinama mara nyingi ni mama. Siku ya kung'oa ndipo baba anatokea na gunia na bei ya dalali! Nimeyasikia haya kwa akina mama wengi, na wengine hawajui kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kuwa na mali yake, wala kwamba sheria za ardhi za 1999 zinampa haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanaume.

Wifi na kaka yangu walilimaliza kabla punje ya kwanza haijaingia ardhini: matuta ni ya wifi, hela itanunua sare na madaftari ya watoto, kinachobaki asiulizwe. Kaka alinuna siku mbili, akapoa. Mimi nasema bora kununa huko kwa mapema. Ukingoja mpaka vitunguu viko kwenye gunia, kila mmoja keshaitumia hela kichwani mwake, na hapo si mazungumzo tena, ni ugomvi.

Haya, mengine ya wifi: majani yakianza kuwa ya njano, acha kumwagilia. Ukishang'oa, usikate majani. Funga mafungu, ning'iniza kivulini penye upepo wiki mbili tatu. Na vile vikubwa kuliko vyote usiviuze, hata dalali akubembeleze vipi. Ndiyo mbegu ya mwakani.