Tusiambiwe tabianchi si mambo yetu

Kuna mjadala ambao huzuka kila mvua inapozidi na kila inapokosekana. Swali lenyewe ni hili: Je, mwananchi wa kawaida, yaani mkulima wa jembe la mkono, mama muuza maandazi, kondakta wa daladala, ana sababu ya kuhofia mabadiliko ya tabianchi? Au hayo ni mambo ya wakubwa na wataalamu wanaopanda ndege kwenda mikutanoni?

Nimewasikia wengi wakijibu kwamba hayatuhusu. Wapo wanaosema mvua ni ya Mungu na binadamu hana neno. Wapo wanaosema ukame ulikuwapo tangu enzi za babu zetu. Na wapo, nao ndio wengi zaidi, wanaosema kwamba mtu asiye na uhakika wa mlo wa jioni hawezi kukosa usingizi kwa sababu ya joto la mwaka 2050. Wote hawa nawaheshimu, lakini siafikiani nao.

Mimi ni bwana shamba mstaafu. Miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia mkoa wa Dodoma, na sasa nalima ekari zangu chache hapa hapa Mpwapwa. Neno "tabianchi" vijana wanaliona jipya, lakini sisi tulifundishwa "tabia ya nchi" katika somo la jiografia, tukaandika ubaoni kwamba hiyo ni wastani wa hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayesema mwaka huu mvua imekuwa nzuri, basi tabianchi ni uongo, hajaelewa, na anayesema mvua imekosekana mwaka mmoja, basi dunia imekwisha, naye hajaelewa.

Hoja ya ukame wa zamani ina ukweli ndani yake. Wazee wenzangu wanakumbuka njaa ya 1973 na 1974, hata Taifa likaagiza nafaka nyingi kutoka nje na tukaingia katika Kilimo cha Kufa na Kupona. Wanakumbuka pia mvua za mwisho wa mwaka 1961, zilizolijaza Ziwa Victoria, na zile za El Nino za 1997 na 1998. Hali ya hewa ya nchi hii haijapata kuwa mpole. Kilichobadilika ni kwamba kupanda na kushuka kule kwa zamani sasa kunatokea katika dunia yenye joto zaidi. Kabla ya viwanda kuenea, hewa ilikuwa na hewa ukaa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni. Leo zimezidi 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopimwa, na ulikuwa mwaka wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi moja na nusu.

Mkulima ataniuliza, nyuzi moja na nusu zitanifanya nini, mbona mchana na usiku hupishana kwa nyuzi kumi na zaidi? Namjibu hivi. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia saba. Mvuke huo hutoka wapi? Hutoka baharini, ziwani, na pia katika udongo wa shamba lako. Jua likiwaka unyevu unanyonywa upesi kuliko zamani, na mvua ikija inamwagwa kwa pupa. Ndiyo maana jambo moja linaleta ukame na mafuriko pia, jambo ambalo watu wengi wanaliona ni kujipinga. Jirani zetu wa Kenya, Ethiopia na Somalia walikosa misimu mitano ya mvua mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, na sisi tuliona mifugo ikifa Simanjiro na Longido. Kisha kabla majeraha hayajapona zikaja mvua za mwisho wa 2023 na masika ya 2024. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa na zaidi ya laki mbili wameathirika. Hao waliokufa hawakuwa wajumbe wa mikutano ya kimataifa. Walikuwa watu wa kawaida.

Sasa nije kwenye shamba, maana huko ndiko hofu inakostahili kukaa. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Kila mwenyeji anajua kwamba Februari mvua hukatika. Hilo si jipya. Lakini mahindi yakiwa yanachanua na kutoa ndevu wakati huo, siku kumi za jua kali zinatosha kukuachia mabua matupu, hata kama mvua itarudi Machi ikanyesha mpaka ukachoka. Joto likiongezeka, zile siku kumi zinafanya kazi ya siku kumi na tano. Mkulima hahesabu nyuzi. Anahesabu debe, na debe zikipungua binti anaondolewa shule, mbuzi anauzwa mnadani kwa bei ya kutupa, na mwezi Januari baba anakwenda kuomba kibarua kwa mwenzake wakati shamba lake mwenyewe linataka palizi. Hapo ndipo mlo wa jioni na joto la dunia vinapokutana. Anayesema hana nafasi ya kuhofia tabianchi kwa sababu anahofia chakula anahofia jambo lile lile kwa jina jingine.

Ushauri tunaopewa ni kwamba tupande mtama na uwele. Ni ushauri mzuri, nami niliutoa kwa miaka mingi. Mtama wa Macia unakomaa kwa kama miezi mitatu na nusu na unavumilia ukame kuliko mahindi. Lakini wataalamu husema panda mtama, kisha hupanda gari na kuondoka, wasiseme nani ataamia ndege. Kweleakwelea wakitua katika shamba la mtama uliokomaa, asubuhi mbili zinatosha. Watoto wako shule, na ni haki yao kuwa shule. Mwanamke mmoja mwenye kombeo hawezi kuzuia kundi linalofunika jua. Halafu ukivuna, mnunuzi wa mahindi anakuja mpaka mlangoni, mnunuzi wa mtama unamtafuta. Kwa hiyo mkulima anayeng'ang'ania mahindi si mjinga wala si mkaidi. Anafanya hesabu zake. Tukitaka abadili mbegu, lazima kwanza ndege wadhibitiwe kwa wakati, si wiki mbili baada ya taarifa, na soko la mtama liwe la kuaminika.

Nageukia lawama. Siku hizi mama lishe mwenye jiko la mkaa anaelezwa kama vile yeye ndiye anayeipasha dunia joto. Huku ni kumwonea. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia tano ya hewa ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi, ingawa watu wake ni kama moja ya sita ya watu wote duniani. Walioijaza anga ni nchi zilizotangulia kuchoma makaa ya mawe na mafuta, na mpaka leo baadhi yao wanavuta miguu. Hata hivyo nasema mkaa tuupunguze, lakini tuwe wakweli kuhusu sababu. Tuupunguze kwa sababu moshi unaharibu mapafu ya mama na mtoto, na kwa sababu miti ikiisha mlimani chemchemi ya kijiji inakauka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Ni nia njema. Itategemea bei ya mtungi wa gesi kijijini, maana kwa mwenye kipato cha kubahatisha mkaa una sifa moja ambayo gesi haina: unanunulika kwa kopo.

Hata habari ya barafu ya Kilimanjaro inasemwa nusu. Mwaka 1912 barafu ile ilikuwa karibu kilomita 12 za mraba, na mwaka 2011 ilikuwa haifikii 2. Inauma kuiona ikiisha. Lakini mito mingi ya Kilimanjaro hupata maji yake kutokana na mvua inayonyesha msituni, barafu inachangia kidogo sana. Mkulima wa migomba wa Moshi anayetazama kilele kwa majonzi, huku nyuma msitu ukikatwa na kuchomwa, anatazama pasipo. Msitu uko ndani ya uwezo wetu.

Kwamba uwezo huo upo, niliuona Kondoa nikiwa kijana kazini. Makorongo yalikuwa yamekula ardhi mpaka ikabaki nyekundu kama kidonda. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi na kondoo wote waliondolewa katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Majani yalirudi na miti ikarudi, na mashamba yakalimwa tena palipokuwa mchanga mtupu. Sisemi kwamba haikuwa na gharama. Wenye mifugo waliumia, watoto walikosa maziwa, na ilichukua miaka kumi kabla ya ufugaji wa ndani ya banda kuruhusiwa. Shinyanga, HASHI iliyoanza 1986 ilikwenda kwa njia ya upole zaidi, ikafufua ngitili za Wasukuma, desturi yao wenyewe ya kutenga malisho, na miti ikarudi pia. Kati ya njia hizo mbili mimi naipenda ya Shinyanga, kwa sababu wenye ardhi hawakufukuzwa bali waliulizwa.

Kuna jambo jingine linaloniudhi, Ndugu Mhariri, na nitalisema wazi. Neno tabianchi limeanza kuwa kichaka cha kujifichia. Kalavati jembamba likisombwa na maji, tunaambiwa ni tabianchi. Mfereji ulioziba kwa taka tangu mwaka juzi ukifurika, ni tabianchi. Wilaya moja ninayoijua daraja dogo lilianguka lisitimize hata misimu miwili, na katika mkutano wa hadhara kiongozi akasimama akatuambia ni mabadiliko ya tabianchi. Mzee mmoja akauliza mbona daraja la zamani, lililojengwa kabla ya Uhuru, bado limesimama mita mia mbili kutoka pale? Hakujibiwa. Mvua zimezidi nguvu, sikatai. Lakini kama tunajua zimezidi, basi kalavati lijengwe la kuhimili maji yaliyozidi. Kujua hatari kisha kujenga kama zamani ni uzembe, wala haupungui kwa kupewa jina la kitaalamu.

Jijini Dar es Salaam mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na waathirika wengi wa bondeni wakapelekwa Mabwepande. Miaka ilipopita, bonde la Msimbazi likakaliwa tena. Walirudi kwa sababu kazi na biashara zao ziko mjini, na nauli ya kutoka mbali ilikuwa inakula kipato chote. Huwezi kumwambia mtu ahame mkondo wa maji bila kumwambia atakula wapi.

Maombi yangu kwa wahusika ni machache. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa utufikie kwa lugha ya shamba. "Mvua za wastani hadi chini ya wastani" hainiambii nipande wiki gani. Bwana shamba wa kata akae na utabiri huo pamoja na wakulima mwezi Oktoba, waamue mbegu na tarehe, na kwa hilo kila kata lazima iwe na bwana shamba, awe na pikipiki, na pikipiki iwe na mafuta. Ghala la kijiji lirudi, maana mkulima anayeuza mahindi Juni na kuyanunua Januari kwa bei ya juu hawezi kuvumilia hata ukame mdogo.

La mwisho ni fedha. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh nchi za dunia zilikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa nchi zilizoathirika, na mwaka 2024 huko Baku nchi tajiri zikaahidi kuongoza upatikanaji wa dola bilioni 300 kwa mwaka kwa nchi zinazoendelea ifikapo 2035. Ahadi si fedha, lakini zipo zitakazofika. Tunaomba kila shilingi ya tabianchi inayoingia wilayani ibandikwe katika ubao wa matangazo wa kijiji: imetoka wapi, ni kiasi gani, imefanya nini. Tumechoka kusikia semina imefanyika hotelini kuhusu ukame wetu, washiriki wamelipwa posho, na sisi tulioukauka tumeletewa fulana.

Bwana Shamba Mstaafu,
Mpwapwa.
(Jina kamili limehifadhiwa)