Tshopo: Esansi ya bidoni na moteri zinazozimika katikati ya mto

Mtu anayevuka mto Congo kutoka Makiso kwenda Lubunga hutazama wingi wa abiria, uzito wa mizigo na mawingu. Wachache hutazama bidoni ya njano iliyo karibu na miguu ya dereva. Lakini safari nyingi huharibikia humo. Moteri inakohoa, inazimika, maji yanaanza kuubeba mtumbwi, na dereva anavuta kamba mara kumi huku akina mama wakimwita Mungu.

Kesho yake utasikia kwamba moteri ilikuwa imezeeka. Fundi akifungua kabureta, mara nyingi anakuta kitu kingine: maji, mchanga, au utelezi wa mafuta ya mawese.

Sababu inaanzia mbali na bandari. Kisangani iko mwisho wa njia mbili ndefu. Moja ni mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, ambao vyombo vikubwa huupanda kwa shida maji yanapopungua. Nyingine ni barabara ya kitaifa namba 4, inayoleta bidhaa kutoka upande wa Uganda kupitia Beni, Komanda, Mambasa na Bafwasende, kwenye matope na sehemu zisizo na usalama. Kila esansi inapohamishwa kutoka pipa hadi bidoni, na kutoka bidoni hadi bidoni nyingine, inaokota kitu. Na katika jimbo la michikichi kama letu, bidoni hiyo huenda wiki iliyopita ilibeba mawese.

Kuwalaumu kadafi peke yao ni rahisi mno. Stasioni za mji zikikauka, ni wao wanaowezesha mitumbwi kufika Yangambi, Isangi na Basoko. Tatizo ni kwamba bei ya esansi inapangwa na wizara ya Uchumi, na ubora wa bidhaa zinazoingia nchini ni kazi ya OCC, lakini mkaguzi wa mwisho kabisa, pale mtoni, anabaki dereva mwenyewe. Bandarini huzungumzwa sana juu ya gile na mzigo uliozidi. Esansi haitajwi sana.

Dereva huyo anaweza kufanya nini? Kwanza, achukue chupa nyeupe inayoonyesha ndani, aijaze esansi, aiache itulie robo saa. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo yatashuka chini na mpaka wake utaonekana. Pili, amwage tone moja kwenye karatasi nyeupe. Esansi safi hukauka bila kuacha kitu. Ikibaki alama yenye mafuta, huenda imechanganywa na petroli ya taa au mazuti, au tayari imetiwa mafuta ya moteri.

Hilo la mwisho lina hatari yake. Moteri nyingi za mtoni hutaka mafuta yachanganywe ndani ya esansi. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, bidoni ya litre 20 inahitaji mililita 400. Moteri za zamani za 1 kwa 25 zinahitaji mara mbili ya hapo. Anayenunua esansi iliyokwisha kuchanganywa hajui kipimo alichopewa, na yakipungua, pistoni inaungua.

Wengi huchuja kwa kitambaa. Kitambaa kinashika majani na mchanga, lakini maji yanaweza kupita pamoja na esansi. Kinachosaidia ni kuiacha bidoni itulie, kumimina polepole bila kuitikisa, na kutomwaga litre ya mwisho ndani ya tangi. Kisha liwepo chujio la kutenga maji kwenye mpira unaotoka tangi kwenda moteri, linalomwagwa maji yake mara kwa mara. Hayo yote yafanywe ufukweni, abiria hawajapanda, na mbali na makaa. Aprili 2025, boti HB Kongolo liliwaka moto karibu na Mbandaka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Maofisa walitaja moto wa kupikia na mafuta yaliyokuwa ndani.

Kuna jambo ambalo halisemwi waziwazi. Pale ambapo dereva si mwenye moteri, analeta vercement kila jioni na esansi anainunua mfukoni mwake. Kwa hiyo anatafuta ya bei nafuu, anapunguza mafuta, anaondoka haraka. Hasara ya pistoni ni ya tajiri, na hofu ya katikati ya mto ni ya abiria. Mwenye moteri angeanza kwa kununua chujio yeye mwenyewe, na kuhesabu katika vercement zile dakika za asubuhi ambazo bidoni inahitaji ili itulie.