MAZOEZI NAYO YANA KIASI CHAKE

Mwaka 2016 Serikali iliwataka wananchi waitenge Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi. Wito ule ulikuwa wa haki, maana kisukari na shinikizo la damu havibagui mji mkubwa wala mdogo. Mkazi wa Mpanda anayeamka alfajiri kukimbia na wenzake astahili sifa.

Lakini ngoma ikivuma sana hupasuka. Wapo watu ambao mazoezi yamekuwa bwana wao, nao watumwa. Mtu wa namna hii hukimbia akiwa na homa, hukimbia akichechemea. Akizuiwa siku moja hukosa raha kana kwamba ametenda dhambi. Huwasahau jamaa zake, na pengine hujinyima chakula. Huo si ushujaa. Ni hali inayohitaji msaada wa daktari.

Deni hilo hulipwa na mwili. Mifupa hupata nyufa. Wanawake hukatikiwa na hedhi. Misuli iliyochoshwa kupita kiasi huharibika, mkojo ukawa wa rangi ya kahawa, na figo zikadhurika. Katika joto la Oktoba, kabla ya mvua, hatari huzidi. Na katika mkoa wenye malaria kama Katavi, kumkimbiza mwenye homa ni kucheza na roho yake.

Watatokea watakaomtaja Ndugu John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji. Twamheshimu. Lakini yeye alivumilia maumivu siku moja kwa ajili ya Taifa. Kujiumiza kila asubuhi bila sababu ni jambo jingine kabisa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lamshauri mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Mkulima aliyeshika jembe kutwa, au mchimba dhahabu aliyetoka shimoni, amekwisha kuutoa mwili wake jasho la kutosha. Asionewe haya akipumzika.

Mkulima mwenye busara huwafungua maksai nira jua likiwa kali, kwa kuwa ataka walime na kesho. Viongozi wa vikundi vya mazoezi na wafanye vivyo hivyo: wamrudishe nyumbani mgonjwa, wamsifu apumzikaye kwa wakati, na wamwonye azidishaye. Taifa lahitaji watu wenye afya, wala halihitaji watu waliojimaliza wenyewe.