Gari Lililoshuka na Gari Lililoshushwa

Mpwa wangu, ambaye hufundisha Fizikia katika shule moja ya upili karibu na Kimana, alinipigia simu majuma mawili yaliyopita kunitaka shauri. Amenunua Toyota Corolla ya mwaka 1998, gari lililopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia, na sasa anakusudia kulishusha. Fundi mmoja wa Kitengela amemwahidi kwamba kazi yote itachukua asubuhi moja tu. "Mjomba," akaniambia, "gari likiwa chini hukamata barabara vizuri zaidi. Hata hesabu za Fizikia zinaniunga mkono."

Sikumjibu papo hapo. Nilijua kwamba nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu ya kweli ni ngumu kuipinga kuliko uongo mzima. Kwa kuwa walimu na wanafunzi wengi wanaousoma ukurasa huu wana magari ya namna hiyo, au wanaota kuwa nayo, nimeona afadhali nimjibu hadharani.

Kwanza nimpe haki yake. Gari linapokata kona kwa kasi, uzito hukimbilia magurudumu ya nje. Linapofungwa breki, hukimbilia ya mbele. Kiasi cha uzito unaohama hutegemea kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Tuseme kitovu hicho kiko sentimita 55 juu ya lami. Ukikishusha kwa sentimita 4, uzito unaohama utapungua kwa takriban asilimia 7. Si haba. Isitoshe, springi zinazotumiwa kwa kazi hiyo aghalabu huwa ngumu kuliko za kiwandani, kwa hiyo bodi haliyumbiyumbi, na usukani huitikia upesi. Wala tusijifanye kwamba urembo si hoja. Taifa ambalo vijana wake wameifanya matatu kuwa jumba la michoro halina haki ya kumcheka mwalimu anayetaka gari lake lipendeze machoni.

Lakini mimi ni mwanaisimu, na sikio langu liliganda kwenye kitenzi alichokitumia. Shusha ni kitenzi cha kusababisha kilichozaliwa na shuka. Gari lililoshushwa lina mtu aliyelishusha. Gari lililoshuka limeshuka lenyewe, kwa umri na kwa mizigo. Nilipomuuliza mpwa wangu gari lake lilisimamaje kabla ya fundi kulitazama, alikiri kwamba nyuma limelala kidogo upande wa kulia. Basi gari hilo tayari limeshuka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yaliyopita umri wa miaka 8, na kwa hiyo gari la mwaka 1998 halina budi kuwa limekanyaga mashimo yetu kwa takriban miongo miwili. Springi zake zimechoka. Mipira inayoshika mikono ya magurudumu, ambayo mafundi huiita bushi, imekauka na kupasuka. Kulishusha gari kama hilo ni kumwongezea mzee mzigo kwa sababu mgongo wake umeshapinda.

Kuna neno jingine linalotupotosha, nalo ni shokomzoba. Tumelipokea kutoka Kiingereza pamoja na kosa lake. Jina hilo hudai kwamba chombo kile humeza mishtuko, ilhali anayeipokea mishtuko ni springi. Kazi ya shokomzoba ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kubanwa. Nimewasikia madereva, na hata mafundi wenye uzoefu, wakisema kwamba gari limelala kwa sababu shokomzoba zimekufa. Wakanunua mpya, na gari likabaki limelala vilevile. Kosa hilohilo humfanya mtu akate springi na kuiacha shokomzoba ya zamani mahali pake, akidhani kwamba hizo mbili hazina uhusiano. Shokomzoba ya urefu wa kiwandani, ikilazimishwa kufanya kazi chini ya kiwango chake, huwa karibu na mwisho wa mwendo wake kila wakati, nayo hufa haraka.

Sasa niirudie Fizikia ya mpwa wangu, maana aliisoma ukurasa mmoja akaufunga mwingine. Robert Hooke alitangaza mwaka 1678 kwamba kadiri unavyoikaza springi ndivyo inavyokujibu kwa nguvu ile ile. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ikikatwa mzunguko mmoja na nusu, hubaki na mizunguko 4 na nusu, na ugumu wake huongezeka kwa thuluthi moja. Hapo fundi hushangilia. Lakini angalia nafasi iliyobaki. Ikiwa gurudumu lilikuwa na sentimita 7 za kupanda kabla ya kugonga mpira wa kizuizi, na umelishusha gari sentimita 4, zimebaki 3. Ugumu umeongezeka kwa thuluthi, nafasi imepungua kwa zaidi ya nusu. Gari litagonga kizuizi mara kwa mara, na kila linapogonga ni kana kwamba halina springi kabisa. Hilo likitokea katikati ya kona yenye shimo, gurudumu huruka na kuachana na lami. Ule ukamataji wa barabara uliotafutwa ndio unaopotea.

Tena gari la aina yake lina muundo ambao Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani, aliubuni katika miaka ya arobaini: springi na shokomzoba husimama pamoja kama nguzo moja, na chini kuna mkono unaolishika gurudumu. Gari likiwa katika kimo chake, mkono huo huinama kidogo kuelekea gurudumuni. Likishushwa, mkono hulala au huinuka. Matokeo yake ni kwamba ile nukta ambayo bodi hulalia linapokata kona hushuka upesi kuliko kitovu cha uzito chenyewe, na umbali kati ya nukta hizo mbili huongezeka. Kwa lugha nyepesi, gari limekuwa chini lakini bodi lake limepata mwenzo mrefu zaidi wa kuliinamisha. Ugumu wa springi huificha kasoro hiyo, hauiondoi. Magurudumu nayo huinama kwa ndani, na usipoyapanga upya, matairi yataliwa upande mmoja hadi nyuzi zionekane huku upande unaouona ukiwa bado una meno.

Haya sikuyasoma vitabuni tu. Mwaka 2007, nikiwa mwanafunzi wa uzamili mwenye fedha chache na majivuno mengi, nilikuwa na Nissan kuukuu. Fundi mmoja alizikata springi zake kwa moto wa gesi. Sikujua wakati huo kwamba chuma cha springi kikipashwa moto wa namna hiyo hupoteza ule ugumu kilichotiwa kiwandani, wala kwamba ncha iliyokatwa haikai tena sawasawa kwenye kikalio chake. Kwa mwezi mmoja nilikuwa mfalme. Kisha jioni moja nilivuka tuta ambalo nilikuwa nimelivuka mara mia, nikiwa na abiria watatu, nikasikia mkwaruzo. Sikusimama. Lile bakuli la mafuta chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu, lilikuwa limepasuka. Kabla ya kufika nyumbani injini ilikuwa imekwama, na nilitembea kwa miguu miaka miwili iliyofuata. Fundi hakunilaghai, alifanya nililomwagiza.

Hata hivyo, Nissan yangu ilikuwa ya mjini. Tuiangalie Kimana. Mtu anayeijua kwa kupita tu, akielekea mbugani Amboseli, atasema kwamba barabara ya Emali hadi Loitokitok ni ya lami, na kweli ni ya lami. Lakini hakuna anayeishi juu ya lami. Ukiiacha barabara kuu unaingia katika njia za mawe meusi ya volkano, vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, mifereji ya maji yanayotoka Kilimanjaro na kumwagilia mashamba ya nyanya na vitunguu, na makorongo yaliyo makavu asubuhi na yenye maji jioni. Juu ya lami yenyewe kuna matuta karibu na kila soko na kila shule, na kuna ng'ombe, twiga na pengine ndovu wanaovuka wapendapo. Katika sehemu hizo watu wenye akili huinua magari yao. Huingiza mipira kwenye springi au vipande vya kuongeza kimo, jambo ambalo nalo lina madhara yake, maana huinua kitovu cha uzito; ila siwezi kuwalaumu. Probox iliyojazwa kreti za nyanya imeshushwa tayari, na imeshushwa na riziki.

Corolla ya namna ile, ikiwa mpya, huacha yapata sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi. Ondoa zilizoliwa na uzee, ondoa 4 za fundi, ondoa nyingine za walimu wanne walioketi ndani. Zinazobaki hazimtoshi hata kobe.

Na hapa ndipo penye jambo linalonikosesha usingizi. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa bweni aliugua usiku. Shule haina gari. Mpwa wangu ndiye aliyemtia kijana yule kwenye kiti cha nyuma, pamoja na matroni, akavuka korongo lililo kati ya shule na lami, akamfikisha hospitali Loitokitok kabla ya alfajiri. Alinisimulia hayo mwenyewe, kwa fahari, katika simu ileile aliyoniomba shauri la kushusha gari. Hakuona kwamba hadithi hizo mbili zinahusu chombo kimoja.

Vijana wetu wanaoshusha Subaru Impreza hupenda kutaja mashindano. Naam, Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza. Watazame picha za gari lile. Limesimama juu, lina fito za chuma mbele na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa ili injini isinywe maji ya mitoni. Peugeot 504 iliyoshinda mwaka 1975, na ile ya 1978, zilipendwa kwa sababu springi zake zilikuwa na mwendo mrefu na ziliyapokea mashimo bila kinyongo. Magari yanayokaribia kugusa ardhi ni ya viwanja laini vya Ulaya na Japani. Kuiga umbo la mshindi wa kwingineko na kumsahau aliyeshinda kwetu ni ugonjwa ambao sisi walimu wa lugha tunaujua sana.

Simwambii kila mtu asishushe. Anayeishi na kufanya kazi juu ya lami, mwenye gari ambalo bushi na viungo vyake vimetiwa vipya, na awe na fedha za kununua springi fupi pamoja na shokomzoba zilizotengenezwa kwa ajili yake, anaweza kushusha sentimita 2 au 3, ayapange magurudumu upya, aelekeze taa upya, na aijulishe kampuni yake ya bima kwa maandishi, kwa kuwa bima husimama juu ya ukweli wa mwenye gari. Gharama hiyo ni kubwa. Ndiyo maana wengi huchukua msumeno.

Kwa mpwa wangu jibu ni jingine. Usukani imara anaoutamani haumo katika kukata. Umo katika springi nne mpya za kimo cha kiwandani, shokomzoba mpya, bushi mpya na matairi mazuri. Gari lililoshuka likirudishwa mahali pake atadhani amenunua jingine. Nimeahidi kulipa nusu ya gharama. Rimu za kumetameta anunue mwenyewe.

Hajanijibu. Dada yangu ananiambia kwamba fundi wa Kitengela bado anamtarajia Jumamosi asubuhi. Mimi nitakuwa Kimana Ijumaa jioni.