Wiki ya kwanza chuoni: mwenyeji ndiye aanze

Juzi usiku kanipigia simu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Ndiyo kwanza kaanza chuo. Tumeongea karibu dakika 40. Mimi nilitegemea anisimulie mambo ya huko, yeye anauliza habari za Tabora tu. Mvua imeanza? Bibi mguu unaendeleaje? Mwisho nikamkata: "Umeshapata rafiki?" Kimya. Halafu akasema, "Kaka, huku kila mtu ana watu wake."

Jamani, maneno hayo yameninyima usingizi. Nayajua. Niliyasema mimi mwenyewe Oktoba 2012.

Nilishuka Ubungo usiku, enzi zile mabasi ya mikoani yakiishia pale, na begi langu la shangazi kaja. Asubuhi nikaenda chuoni (jina la chuo tuliache). Majina ya waliopata vyumba yamebandikwa ukutani. Nikasoma mara tatu, langu halimo. Mjini sina ndugu. Mfukoni nina hela ya kula siku nne nikijibana. Mkopo siku hizo ulikuwa shilingi 7,500 kwa siku kwa chakula na malazi, lakini bumu huwezi kulipata kabla hujasajiliwa na kusaini.

Nikapanga foleni ya usajili. Pembeni yangu wapo waliosoma shule moja, wanacheka. Kule wapo waliotoka mkoa mmoja, wanaongea kilugha. Nikawa naangalia simu isiyo na ujumbe wowote, ili nionekane nina shughuli. Nani hajawahi kufanya hivyo?

Kijana aliyekuwa mbele yangu akageuka. "Wa wapi wewe?" Tabora. "Mnyamwezi?" Ndiyo. Yule bwana akapaza sauti foleni nzima isikie: "Mpagazi wangu kafika! Mizigo yangu iko wapi?" Kumbe Mzaramo wa Kisarawe. Mimi nami sikukubali. Nikamwambia, "Nyie si ndio mliokuwa mnatudai hongo babu zetu wakipita? Leo nakudai chenji." Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani.

Kwa wasiojua, utani wa Wanyamwezi na Wazaramo si mchezo wa jana. Karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani. Njiani ilibidi wapite katika nchi za watu, na wenye nchi walitoza hongo. Kwa kupita na kupitiwa, kugombana na kupatana, ukazaliwa utani. Na utani si maneno ya kejeli tu, una wajibu ndani yake. Mtani akifiwa, unakwenda. Unafanya kazi, unachekesha, unawasaidia wafiwa kubeba.

Usiku ule mtani wangu akaniuliza nalala wapi. Nikajiumauma. Akasema, "Kitanda changu ni futi tatu, tutabebana." Waliopita vyuoni wanajua kubebana ni nini: mwenye kitanda anamficha asiye na kitanda, na sheria za hosteli haziruhusu. Nililala mzungu wa nne kwake karibu mwaka mzima, joto la Dar mnalijua. Mnyamwezi, mjukuu wa wapagazi, nikabebwa na Mzaramo! Mpaka leo hachoki kunikumbusha. Baba yake alipofariki tukiwa mwaka wa tatu, nilikwenda Kisarawe nikasimama mlangoni, nikagoma jeneza lisitoke mpaka nilipwe. Alicheka huku analia. Sidhani kama kuna rambirambi nyingine ningeweza kumpa.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Mwaka wa pili nilipata kitanda changu. Wiki ya kwanza akaja kijana mgeni, kaelekezwa na mtu, anauliza kama kuna mtu anaweza kumpokea siku mbili tatu. Nikamjibu bila hata kuinuka kwamba chumba kimejaa. Hakikuwa kimejaa. Nilikuwa nimeshasahau ile foleni. Nilimwona mara moja tena, anatoka darasani alfajiri na begi mgongoni, ndipo nikaelewa alikuwa analala humo. Baada ya hapo sikumwona tena, na sikuuliza. Sijui hata jina lake.

Kwa hiyo mtu akiniambia wanafunzi wapya wa siku hizi hawachangamki, wamezama kwenye simu, mimi namwuliza: wenyeji wao wako wapi? Tunamwambia mgeni ajichanganye, ajiamini. Mgeni wa watu, hajui hata choo kilipo, ndiye aanze? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumegeuza, mgeni njoo, ujitibu mwenyewe.

Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza kwetu kilipoanza katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wote, wa sheria, hawakufika 20. Asiyekula siku hiyo angejulikana. Leo ukumbi mmoja wa mihadhara unameza mamia, na mtu anaweza kushinda njaa wiki nzima katikati yao. Wingi huo hatuwezi kuupunguza. Tunachoweza ni kugeuka nyuma kwenye foleni na kuuliza, "Wa wapi wewe?"

Najua wapo watakaosema swali hilo ni ukabila. Inategemea unauliza ili iweje. Mkabila anakuuliza kwenu ili ajue kama akufungie mlango. Mtani anakuuliza ili apate pa kuanzia. Vikundi vya shule, vya mkoa na vya dini si vibaya, wiki ya kwanza vinaokoa watu wengi. Ubaya ni pale vinapokutosha kabisa, ukamaliza miaka mitatu hujawahi kula sahani moja na mtu wa upande mwingine wa nchi.

Mdogo wangu nilimpa kazi moja tu. Nilimwambia asitafute rafiki, atafute mtu aliyekaa peke yake kuliko yeye, amwulize kala nini. Humo vyumbani hakosekani.

Leo asubuhi kanitumia ujumbe: "Kaka, nimemwazima mtu ndoo. Mzaramo. Kaniita mpagazi."

Na wewe uliyeko mwaka wa pili au wa tatu, akibisha mtu hodi wiki hii, inuka kwanza ndipo umjibu.