Upepo hauna mwenyewe, ardhi ina wenyewe

Umezuka mtindo mbaya wa kufikiri. Kila wananchi wanapokataa mradi mkubwa usijengwe katika ardhi yao, huitwa wajinga, wapinga maendeleo au watu waliochochewa. Mtindo huu sasa umeingia katika suala la umeme wa upepo. Kwa kuwa umeme huo hautoi moshi, wanaoujenga hudhani wamekwisha samehewa dhambi hata kabla ya kuzitenda.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Umeme wa upepo ni jambo jema. Afrika Mashariki inauhitaji, na ukame umetufundisha mara nyingi kwamba mabwawa peke yake hayatoshi. Ugomvi wetu ni na wale wanaodhani kuwa wema wa mtambo unahalalisha unyang'anyi wa ardhi unaposimama mtambo huo.

Tutazame Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Karibu na Ziwa Turkana imesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa kufua megawati 310, nayo ilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Kampuni ilipewa ekari 150,000. Kwa macho ya waliokaa ofisini hilo lilikuwa jangwa tupu; kwa Warendille, Wasamburu na Waturkana yalikuwa malisho na njia za kwenda majini. Kwa sheria ya wakati ule ilikuwa ardhi ya amana, iliyoshikwa na halmashauri kwa niaba ya wananchi. Wananchi walikwenda mahakamani mwaka 2014 wakidai kuwa mdhamini ametoa mali yao bila kuwauliza. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatamka kwamba hati zile hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Lakini wakati huo mapanga ya mitambo yalikwisha zunguka kwa miaka mitatu.

Tazama pia jinsi haki inavyopimwa kwa mizani miwili. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, ila njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 400, ilichelewa. Mkataba ulikuwa umekwisha mlinda mwekezaji: serikali ikalazimika kukubali fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja. Siku ya mwekezaji ikipotea, ina bei. Malisho ya mfugaji yakipotea, huambiwa ashukuru kwa barabara.

Watatujibu kwamba hao ni wafugaji wasiosoma. Basi na twende Norwei, nchi tajiri ambayo hakuna awezaye kuituhumu kwa ujinga. Katika rasi ya Fosen wako Wasami, nao ni wafugaji wa wanyama wa jamii ya kulungu. Mwezi ule ule wa Oktoba 2021, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kuwa vibali vya mitambo 151 ni batili, kwa sababu viliingilia haki yao ya kuishi kwa utamaduni wao. Je, mitambo ilizimwa? La. Iliendelea kuzunguka, hata Februari 2023 vijana wa Kisami wakaingia na kuketi ndani ya wizara husika. Mapatano ya mwisho yalifikiwa Machi 2024.

Hapo ndipo ilipo hila yenyewe: jenga kwanza, shtakiwa baadaye. Mtambo ukishasimama, hukumu hugeuka karatasi.

Na wanaodhani kuwa kuuliza watu ni kupoteza wakati wakumbuke Kinangop, katika Nyandarua. Hapana shaka kwamba huko uvumi ulikuwa mwingi, na wako wanasiasa waliouchochea. Lakini uvumi huota palipo na ukimya. Wakulima waliukataa mradi ule wa megawati 60, maandamano yakageuka maafa, na mwaka 2016 ukafutwa kabisa. Wenye mitaji walipata hasara, na nchi haikupata umeme.

Njia nyingine ipo. Huko Kajiado, mradi wa Kipeto wenye mitambo 60 na megawati 100 umesimama tangu 2021 katika ardhi ya Wamasai wenye hati zao wenyewe. Ardhi wameikodisha, na hulipwa sehemu ya mapato. Tofauti yake na Marsabit ni kwamba huku mwekezaji alimkuta mwenye ardhi ana hati mkononi, akalazimika kuketi naye chini.

Hili linatuhusu sisi Watanzania. Upepo wa Singida umetamaniwa kwa miaka mingi. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano wa kijiji uwezo wa kukubali au kukataa kuhamishwa kwa ardhi yake, lakini ikizidi hekta 250, kijiji hubaki kutoa mapendekezo tu, na uamuzi ni wa Waziri. Yaani ardhi inavyokuwa kubwa, ndivyo sauti ya mwenyewe inavyokuwa ndogo! Miradi ya upepo hutaka maeneo makubwa. Hatuna budi kulitazama upya jambo hili kabla mnara wa kwanza haujasimama, maana baada ya hapo tutakuwa tunazungumza na chuma.

Mwanakijiji aulizwe mapema, kwa lugha anayoielewa, na akiwa na uwezo wa kusema hapana. Mkataba usomwe hadharani. Ardhi ikodishwe, isichukuliwe, na umeme unaofuliwa juu ya paa lake uwashe taa yake pia. Ofisa anayeona masharti haya ni mazito ajiulize anamtumikia nani. Maendeleo yanayoanza kwa kumnyamazisha mwenye ardhi ni unyonyaji ule ule wa zamani, ingawa safari hii umekuja bila moshi.