Matombo Ni Shamba la Bibi Kweli, na Bibi Mwenyewe Yupo

Picha ni ile ile. Ukungu wa asubuhi, migomba, mlima nyuma, staa kavaa buti jipya na kofia ya pama, mkono mmoja mfukoni. Kapsheni: Mungu ni mwema, heka zimepatikana, vila zinakuja. Chini yake machawa wanamwaga moto na makopakopa. Hakuna hata mmoja anayeuliza hizo heka wiki iliyopita zilikuwa zinalimwa na nani.

Morogoro imekuwa dili tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar, Juni 2024. Zamani kwenda Moro ilikuwa safari. Siku hizi mtu anaenda, anakula, anapiga picha, jioni yuko kwake Sinza. Sasa macho yamepanda milimani. Ukitoka Bigwa ukaifuata barabara ya Mvuha na Kisaki, ile inayoelekea upande wa Hifadhi ya Nyerere, unafika Matombo: karafuu, mdalasini, pilipili manga, maji yanashuka kila bonde. Mtu wa mjini akiona hivyo anaona vila. Halafu anasikia bei, na bei ya heka inayotajwa haifiki bei ya simu aliyoshika.

Mchezo wenyewe staa hachezi. Anatanguliza dalali, na dalali anatanguliza mjukuu. Hapo ndipo pabaya. Mjukuu anakaa Mbagala, hajapanda mlima ule tangu msiba wa babu, leo anatokea na sukari kilo mbili na khanga. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibuni." Soda zinafunguliwa. Baada ya nusu saa karatasi inatoka kwenye bahasha, imeandikwa makubaliano ya mauziano, mjumbe kaitwa awe shahidi, na bibi anaonyeshwa pa kuweka dole gumba.

Tatizo ni kwamba kwa Waluguru ardhi inapita kwa mama. Shamba ni la ukoo, la lukolo, na ukoo unahesabiwa kwa upande wa wanawake. Bibi analima pale kwa sababu mama yake alilima pale, na baada yake ni zamu ya mabinti zake. Anayesimamia mambo ni mjomba, na hata mjomba ni msimamizi tu. Sasa yule mjukuu wa Mbagala, kama ni mtoto wa mtoto wa kiume wa bibi, kwa hesabu ya Kiluguru hata siyo wa ukoo ule. Anauza shamba la watu wengine kwa shikamoo na khanga.

Utasikia mtu anasema hizo mila zimepitwa na wakati, hii ni 2020 na kitu. Sawa, mila ziweke pembeni, ije sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inatambua hakimiliki ya kimila na inasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume kwenye ardhi. Inataka pia mwanakijiji anayehamisha haki yake apate kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Halmashauri ni kikao, kina mwenyekiti, kina mtendaji, kina muhtasari unaoandikwa. Mjumbe aliyeitwa anywe soda siyo halmashauri. Na anayehamishiwa anatarajiwa awe mtu anayeishi pale au anayekuja kuishi au kufanya kazi pale, siyo mtu wa kushuka na droni mara mbili kwa mwaka. Kama nyuma ya staa kuna mshirika mgeni mwenye hela zake, mambo yanazidi kuwa magumu, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, tena kwa utaratibu wake.

Kwa hiyo yule anayejimwambafai na heka zake za mlimani, mara nyingi alichonunua ni karatasi na kesi.

Na Matombo siyo watu wa kuchezea. Mwaka 1955 Waingereza walikuwa wanawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, kwa maelezo kwamba wanaokoa udongo. Ghasia zikalipuka hapo hapo Matombo, polisi wakaja, na mwisho wa siku mradi ule ukafa. Serikali ya kikoloni na bunduki zake ilishindwa kuwapangia watu wa mlima ule cha kufanya na mashamba yao. Staa na chawa wake wanne wanadhani wataweza kwa sukari kilo mbili.

Ipo hoja moja inayostahili kujibiwa. Inasema mnawazuia maskini wasipate hela, bibi ana shida, anataka bati, wajukuu wanadaiwa ada, mwacheni auze. Ni kweli bibi ana shida. Ndiyo maana auze, kama ukoo umekaa na umekubali, mchana kweupe, kwenye kikao, bei ikitajwa mbele ya watu na mabinti zake wakiwepo. Au asiuze kabisa, akodishe. Wazee wa Uluguru walikuwa na kitu kinaitwa ngoto: mtu asiye wa ukoo analima, kila mara anapeleka kitu kidogo kwa wenye ardhi kuonyesha kwamba anajua yuko kwa watu. Mwenye vila hawezi kulipa kila mwaka? Anaweza. Hataki, kwa sababu mkataba wa kukodi haupendezi kwenye kapsheni.

Halafu kuna maji, na hapa hata wa Dar asiyejua Matombo iko wapi imhusu. Mito ya Uluguru ndiyo inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inafungua bomba la Dar. Oktoba 2022 Ruvu ilipungua mji mzima ukaingia kwenye mgawo, watu wakabeba madumu hadi Masaki. Sasa angalia vila hizi wanataka kuziweka wapi: mtoni kabisa, ili wageni wasikie maji yakipita wakiwa kitandani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye ile video ya ramani yenye muziki wa taratibu, bwawa la kuogelea lilionekana karibu lidondokee mtoni.

Kwa mjukuu wa Mbagala, ukishagawana na dalali kinachobaki ni hela ya bodaboda ya mkopo. Bibi anabaki na khanga mbili na barua ya kumtaka aondoe mihogo yake.

Kokoto hazijamwagwa bado. Kuna Halmashauri ya Kijiji ya kuonana nayo, kuna mjomba, kuna mama wakubwa na mama wadogo ambao hawakuitwa siku ya soda. Safari hii aje staa mwenyewe, avue kofia, akae kwenye mkeka, na dalali abaki barabarani.